Swali la Ishirini na Saba

Saa kumi jioni, Newport, na giza limeshaketi.
Mto Usk umekupwa, umebaki tope la kahawia
na toroli la duka kuu lililolala ubavu.
Navaa visikizio. Napiga namba ya themanini na tatu.

Habari za jioni, naitwa Mwanakheri, napiga kutoka idara ya takwimu.
Kimya. Kisha mbwa. Kisha Glenys Prosser,
miaka hamsini na sita, bonde la Rhymney:
sawa, lakini upesi, nina watu.

Kazi yako ni ipi?
"Nasaidia pale kwenye nyumba ya wazee."
Unasaidia kufanya nini?

Hapo akafunguka.
Yeye ndiye apangaye zamu za watu kumi na tisa,
yeye aliyemfukuza mpishi mwizi wa siagi,
yeye anayebishana na wauza dawa juu ya ankara;
funguo zote anazo, hata wa kabati la mofini,
na bomba likipasuka usiku hawampigii Bwana Alun,
ambaye jina lake limechorwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu.
Wanampigia yeye,
naye huenda, koti juu ya nguo ya kulalia.

Swali la ishirini na saba nalisoma lilivyo,
maana tumekatazwa kuongeza hata pumzi:
Je, wewe ni meneja, msimamizi, au si mojawapo?

Akacheka mpaka mbwa akabweka tena.
"Meneja! Hapana, mpenzi. Meneja ni Alun."

Mwongozo, ukurasa wa arobaini:
usimtilie mhojiwa maneno kinywani.
Nikabonyeza *si mojawapo*.
Tiki,
kama punje ya mchele kudondoka sakafuni.

Shangazi yangu Pangani alipimia mchele kwa kopo
lililobonyea kitakoni, kwa ndani halionekani.
Haba na haba hujaza kibaba, tulikariri darasani;
hakuna aliyetufundisha kukipindua kibaba
tukatazame chini yake.

Machi jedwali likatoka.
Wanawake kati ya mameneja: thelathini na kitu,
nukta, na kitu kingine kidogo.
Imepanda, wakasema redioni, kwa sauti ya mtu anayetangaza mvua.
Nikamwendea Rhodri wa mbinu na sampuli,
kijana mpole, daima ana makombo ya keki kwenye sweta.
Nikamuuliza, Glenys yuko wapi humu?
Akateremsha kidole, safu baada ya safu,
akapita wakurugenzi, akapita mameneja wa maghala,
akafika chini kabisa: *wahudumu wa malezi*.
"Yupo," akasema. "Hatujampoteza."

Lugha yangu haina yeye wa kiume na yeye wa kike.
Meneja akiingia katika sentensi yangu
huingia bila suruali wala sketi.
Nilikuwa najivunia hilo mbele ya Waingereza na Wawelishi,
mpaka usiku ule, ndani ya basi la kwenda Maindee,
nilipofumba macho nikatamka, meneja,
nikaona tai.

Aprili tukajaribu dodoso jipya.
Rhodri alihitaji mtu wa kumhoji, nikakaa mbele yake
na kikombe cha chai iliyopoa.
Jina, umri, saa za kazi kwa wiki.
"Je, kuna watu unaowasimamia?"
Nikawafikiria wale saba wa zamu ya jioni,
ratiba yao ninayoiandika mimi Jumapili nikipika,
Bethan niliyemfundisha kukata simu bila kukata tamaa,
barua za likizo wanazoniletea mimi kwanza.

"Hapana," nikasema. "Huwa nawaelekeza tu."

Tiki.

Tulitazamana.
Hili ni la majaribio, akasema taratibu,
halihifadhi majibu.
Dirishani maji yalikuwa yanajaa,
yamelifunika toroli, umebaki mpini.